Kinanda cha Maonyesho

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, duka la ala za muziki hufurika watu ambao wengi wao hawana nia ya kununua hata waya. Huku mmoja anapiga ngoma bila huruma, kule mwingine anakuna gitaa, na mtoto wa mtu anapuliza tarumbeta mpaka mama yake anatafuta pa kuficha uso. Katikati ya zogo hilo, mbele ya meza ya vinanda vidogo, fundi meno alikuwa amesimama na hedifoni masikioni, macho ameyafumba. Alivaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, na raba zilizoingia vumbi jeupe la plasta, vumbi la kazini ambalo halikumwacha hata siku ya mapumziko.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Wiki nzima aliinamia taya za plasta, akikata, akisugua, mashine ya kusagia ikimlilia sikioni. Alitamani sauti za kwake, atakazoziunda mwenyewe na zisiishie kinywani mwa mtu. Ndiyo maana alikuja.

"Samahani, dada. Ukimaliza kuota utanipisha?"

Akafumbua macho. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya bluu, spana inachungulia mfukoni, nywele zimechongwa vizuri kuliko ovaroli ilivyostahili.

"Sioti. Nachagua."

"Mimi nimeshazunguka duka lote mara mbili, wewe bado unachagua kile kile."

"Kumbe kazi yako ni kunichunga?"

"Kazi yangu ni lifti. Napandisha watu na kuwashusha."

"Basi panda uende zako," alisema, lakini hedifoni alishazivua na kumpa.

Mwenye duka, ambaye wateja walimwita Mzee Spika kwa sababu hakujua kunong'ona, alijipenyeza katikati yao. "Wanangu, msigombane, vipo vitatu!" Akaeleza kwamba ndani ya kila kimoja mna kompyuta ndogo inayoiga sauti za mashine kubwa za zamani, zile zilizokuwa zikijaza ukuta mzima. Unazungusha vitufe, sauti inanenepa au inakonda, inakuwa kali au laini, upendavyo. Cha kwanza kilikuwa cheupe, chepesi, kina betri na spika yake. Cha pili cheusi, kizito kidogo, kina kioo kidogo cha maandishi, lakini lazima ukichomeke kwenye umeme. Cha tatu kilikuwa na maikrofoni ya kugeuza sauti ya mtu.

Fundi lifti akaisogelea ile maikrofoni na kusema, "Dada, una namba ya simu?" Kinanda kikaisema habari hiyo kwa sauti ya bati, duka zima likasikia. Ngoma ikanyamaza. Fundi meno alicheka mpaka akashika meza, na namba akaitoa. Kinanda kile wakakipa jina la Kasuku, na kwenye mashindano kikatolewa siku hiyo hiyo.

Vikabaki viwili, Cheupe na Cheusi, na sababu ya kupigiana simu.

"Haloo, Mama Meno."

"Nani huyo?"

"Yule wa kupanda na kushuka. Nimefikiria. Cheusi."

"Cheupe! Kina vitufe vingi juu, kila kitu kiko mkononi. Tena kina betri, naweza kupiga hata nikiwa kitandani."

"Kitandani unapiga kinanda?"

"Sasa nipige nini?"

"Usingizi. Halafu vile vibonyezo vyake ni vya mdoli. Kidole changu kimoja kinabonyeza viwili."

"Hilo ni kosa la vidole vyako, mpenzi."

Neno lilikuwa limemponyoka kama sabuni bafuni.

"Umesema nani?"

"Nimesema fundi."

"Mimi nimesikia vingine."

"Osha masikio," alisema, akakata simu, kisha akakaa akiitazama na kutabasamu peke yake.

Cheupe kilikuwa na kasoro moja ambayo hata yeye hakuweza kuitetea: ukikizima, kimesahau kila kitu. Sauti uliyoihangaikia mchana kutwa inaondoka, wala hujui vitufe vilikuwa vimekaaje. Cheusi kilikumbuka. Kilikuwa na nafasi chungu nzima za kuhifadhia sauti, na kila sauti ungeweza kuipa jina, mradi lisizidi herufi nane.

Hapo ndipo mchezo wao ulipoanzia. Fundi meno alipita dukani wakati wa chakula cha mchana, fundi lifti alipita jioni akitoka kazini, na wote wakaitumia nafasi ya mwisho ya kumbukumbu ya Cheusi. Fundi meno alianza na sauti nyembamba, akaihifadhi kwa jina HABARI. Kesho yake aliikuta imeongezwa uzito chini, jina limekuwa UMEKULA. Akaichuja kidogo, akaipa mwangwi, akaandika BADO. Siku iliyofuata, chini ya meza ile, Mzee Spika alimkabidhi mfuko wenye maandazi mawili. "Nimeambiwa nimpe mwenye njaa," alisema kwa sauti iliyofika hadi barabarani.

Kwa namna hiyo, kidogo kidogo, sauti ile ikawa si ya huyu wala ya yule. Ilianza polepole, ikapanuka, ikatetemeka kidogo mwishoni. Fundi lifti alisema mtetemo ule aliusikia kwenye mota za lifti nzuri. Fundi meno alisema hajawahi kutongozwa kwa mota. Lakini alimpenda, hilo halikuwa siri tena hata kwa Mzee Spika.

Jumamosi moja walikaa kwenye mgahawa ulioko mkabala na duka, chai mezani, fundi meno amevaa blauzi ya manjano aliyoipiga pasi mara mbili. Fundi lifti hakuwa na ovaroli. Alivaa shati jeupe, na alikuwa akizungusha kikombe bila kunywa.

"Nimeamua," alisema. "Cheupe kinatoa sauti nne kwa wakati mmoja. Ni cha mtu mmoja na mkono wake. Cheusi kinatoa nane. Wanaweza kukaa wawili."

"Wabanane?"

"Wabanane. Nasema tununue Cheusi. Kimoja."

"Kikae kwa nani?"

Aliacha kuzungusha kikombe. "Kikae kwetu."

Fundi meno alielewa vizuri sana. Aliwahi kununua vitu vya pamoja na mwanamume mwingine, na siku ya kuachana walikaa sakafuni wakigawana vijiko. Aliogopa. Na alipoogopa, ulimi wake ulikimbilia mzaha wa kazini.

"Mwenzangu, vitu vingine ni kama meno ya bandia. Kila mtu na yake."

Fundi lifti alicheka, maana mzaha wenyewe ulichekesha. Kisha kicheko kikaisha. Alimaliza chai yake, akalipa, akamsindikiza hadi kituoni na kumuaga kwa heshima nyingi mno. Heshima ile ilimuuma kuliko matusi.

Jumapili nzima alijitafuna. Jumatatu kazi zilimzidi, taya zilikuja kwa mkupuo, hakutoka hata kula. Jumanne mchana alikwenda dukani mbio mbio, jibu amelishika kichwani tayari kuliandika. Mzee Spika hakuwepo, alikuwepo msaidizi aliyebanwa na wateja. Akavaa hedifoni, akatafuta nafasi ya mwisho, akabonyeza.

Ikatoka sauti ya kiwandani. Filimbi kavu, isiyo na mtu ndani yake.

Akarudia. Akatafuta nafasi zote, moja baada ya nyingine. Sauti yao haikuwepo, na jina halikuwepo. Alimpigia simu pale pale, akasikia yule mama wa mtandao akimwambia kwamba namba anayopiga haipatikani. Jioni haikupatikana, na asubuhi vile vile.

"Amefuta," alimwambia shangazi yake nyumbani. Alikaa na shangazi huyo tangu zile siku za vijiko. "Amenifuta kwenye kinanda na kwenye simu."

Shangazi alivua meno yake ya juu, yale ambayo mpwa wake alimtengenezea kwa mkono wake, akayatia kwenye glasi ya maji. Alifanya hivyo kila alipotaka kusema ukweli bila mapambo.

"Umemuuliza nani?"

"Nimuulize nani, shangazi? Nimekiona kwa macho yangu."

"Umeona kinanda. Umewaona watu? Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ni kulia mbele ya sufuria mpaka chakula kiungue." Na kweli chakula kilikuwa kinaungua.

Alhamisi alirudi dukani. Mzee Spika alimpokea kama mtu aliyemsubiri kwa hamu.

"Binti, uko wapi wewe? Na mwenzako yuko wapi?"

"Ndiyo nimekuja kuuliza, mzee. Nani alifuta kile kinanda?"

"Kufuta? Hakuna aliyefuta. Hiki ni kipya, nimekitoa kwenye boksi Jumatatu jioni. Kile cha zamani amekinunua mwenzako."

"Amenunua cha maonyesho?"

"Usiniulize mimi! Nimempa kipya, kina nailoni yake na kila kitu, akakataa. Nikamwambia mwanangu, hiki kimeshikwa na kila mwenye vidole katika mji huu, kimekwaruzwa, kitufe kimoja kimelegea. Akasema anataka hicho hicho, na bei nisipunguze, ila nisiguse kitufe chochote." Mzee Spika akatikisa kichwa. "Nikamwambia hata kikizimwa hakisahau. Akasema anajua, lakini hataki kubahatisha."

Fundi meno alishika ukingo wa meza. Machozi yalimjaa, akacheka humo humo. "Anafanya kazi wapi wiki hii?"

Mzee Spika alilisikia likitajwa siku ya kununua, jengo la ofisi mtaa wa tatu kutoka pale. Lifti yake ilikuwa imefunguliwa milango, ndani giza na nyaya zinaning'inia, na kibao kimewekwa mbele: Samahani, tumieni ngazi. Akatumia ngazi. Makarani walioshuka walimpisha, wakimwona dada mwenye raba zenye vumbi anapanda huku anahema na kutabasamu. Juu kabisa, baada ya ghorofa ya mwisho, palikuwa na mlango wa chuma ulioachwa wazi. Akamwona amechuchumaa kando ya mota, uso umepakwa grisi.

"Fundi."

Aliinuka haraka mpaka akajigonga kichwa. "Umefikaje huku?"

"Kwa miguu. Lifti yenu mbovu. Simu yako je?"

Akanyoosha kidole chini, penye shimo refu la lifti. "Ilitumbukia Jumatatu mchana. Imefika chini vipande. Namba yako ilikuwa humo, kichwani sina hata tarakimu moja."

"Kazini kwangu je, hupajui?"

"Napajua. Nimekuja kila jioni." Alijifuta mikono kwa kitambaa kilichozidi kuichafua. "Nafika getini, nakumbuka meno ya bandia, narudi."

"Ule ulikuwa mzaha wa kijinga. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Vijiko," alisema, akamweleza habari yote, sakafu ile na mgao ule. Fundi lifti alimsikiliza hadi mwisho, hakumkatisha hata mara moja.

"Mimi nina vijiko viwili tu," alisema. "Tukiachana vyote chukua wewe."

"Mjinga wewe." Akamsukuma begani, na mkono ukabaki pale pale begani. "Kiko wapi?"

Fundi lifti akafungua begi la spana. Ndani, kimefungwa kwa taulo safi, Cheusi kilikuwa kimelala kati ya bisibisi na koleo. Wembamba wake ulikiwezesha kutoshea humo. Akakichomeka kwenye soketi ya ukutani. Kikawaka. Kioo kidogo kikaonyesha jina aliloliandika Jumatatu, kabla ya kukinunua: SUBIRI.

"Nilitaka ulikute dukani. Halafu nikaona, je, akija mtu mwingine akalifuta? Nikaingia kwa mzee nikakinunua. Sikufikiria kwamba utakuja ukute hakipo."

"Hukufikiria kabisa."

"Kabisa."

Fundi lifti alibonyeza kibonyezo kimoja. Sauti yao ikatoka kwenye hedifoni zilizokuwa begini, wakazigawana, sikio moja huyu, sikio moja yule. Ikaanza polepole, ikapanuka, ikatetemeka. Kisha fundi meno akashika kile kitufe kilicholegea na kuanza kubadilisha jina. Kazi yenyewe ilikuwa ya subira, kwa kuwa kila herufi sharti uizungushe kutoka mwanzo.

"N," alisoma fundi lifti kwa sauti ndogo. "Ngoja."

"Nyamaza."

"N, I. Nikome?"

"Nitakukomesha kweli."

Ikaja O. Hapo hakukisia tena. Aliweka kitambaa chake chini, akasimama wima. Fundi meno akazungusha mara ya mwisho mpaka ikatokea E, akafuta herufi zilizobaki.

NIOE.

Kinanda kikauliza kama ana uhakika. Ndivyo kilivyotengenezwa, hakibadilishi jina la zamani bila kuuliza mara ya pili. Fundi meno alimtazama fundi lifti, grisi na yote, akaona macho yake yamelowa na hayafichi kitu.

Akabonyeza. Kikahifadhi.

Walikaa kwenye sakafu ile ya zege wakiwa wameegemeana, yeye vumbi la plasta, mwenzake grisi, kila mmoja akimchafua mwenziwe. Chini kabisa mtu alikuwa akipiga kelele kuuliza lifti itatengemaa lini.

"Shangazi ataniuliza kinanda kinakaa wapi," alisema fundi meno.

"Utamjibuje?"

Aliegemeza kichwa begani kwake.

"Kwetu."