Matuta Yaliyoishia kwenye Ua wa Mkonge

Kila Jumamosi Ndila, msichana wa darasa la sita, alifuatana na mamake kwenye mwethya. Hicho kilikuwa kikundi cha akina mama wa kanisa, nje kidogo ya mji wa Kitui, waliochimbiana matuta ya kuzuia maji mashambani huku wakiimba na kutaniana. Mama Ndila ndiye aliyewaongoza. Jumamosi moja zamu ya kuchimbiwa ilikuwa yake, na kufikia jioni matuta yalikuwa yamefika hadi kwenye ua wa mkonge.

Ng'ambo ya ua huo, upande wa juu wa mteremko, jirani yao Bi Halima alikuwa akichimba peke yake, na shamba lilikuwa limemshinda.

"Mama, kwa Bi Halima tutachimba lini?" Ndila aliuliza.

"Haituhusu," Mama Kivuva, mmoja wa kikundi, alidakia. "Mwethya ni wa kanisa. Yeye ni wa msikiti."

Ndila alichanganyikiwa. Si ni Mama Kivuva huyu huyu aliyewakaririsha Jumapili mstari wa kumpenda jirani? Basi jirani ni nani, kama si mtu mliyepakana naye ua? Alimtazama mamake. Mamake aliinama, akaanza kukusanya majembe.

Jumanne mvua ilinyesha, ya kwanza tangu ile njaa ya mwaka uliopita. Maji yalishuka kwa nguvu kutoka kwa Bi Halima, yakapenya kwenye mkonge, yakabomoa matuta na kuzoa kunde zote walizokuwa wamepanda. Nyumbani hawakuwa wamebakiza mbegu. Ndila alilia kwa uchungu. Walifanya kazi, wakaomba, wakaimba. Sasa kosa lao lilikuwa nini?

Asubuhi walimkuta Bi Halima shambani mwao, leso kiunoni, akirudishia udongo kwenye tuta la juu.

"Poleni, Mama Ndila," alisema. "Maji yametoka kwangu. Nilijaribu kuyazuia, yakanishinda. Mbegu ninazo kidogo, tutagawana."

Mama Ndila aliona haya. Alimtuma Ndila awaite akina mama wote.

"Lakini mwethya ni wa kanisa," Mama Kivuva alinung'unika alipofika.

"Ni wa kanisa, ndiyo sababu leo tunachimba kwa Bi Halima," Mama Ndila alijibu.

Mama Kivuva aliokota jembe, akatangulia kuvuka ua.

Mvua iliyofuata ilipiga, na matuta ya juu na ya chini yakasimama. Kunde zilipochipuka, Mama Ndila alimwambia bintiye, "Siku ile uliuliza vizuri, mwanangu. Jibu nililijua, nikanyamaza. Ukristo wetu ukiishia kwenye ua, tumebaki na nyimbo tu."