Mbunge wa Themanini na Sita

“Mfikishe bungeni kabla ya saa tano. Akiwa mzima, ikiwezekana.”

Kanali akakata simu.

Kapteni Rimonda Shidiak wa idara ya ujasusi aliikanyagia BMW mafuta, akaipandisha mlima wa Aley.

Lebanoni ilikuwa na miezi ishirini na mitano bila rais. Kura isingepigwa bila wabunge themanini na sita ukumbini. Themanini na watano walikuwa wameketi, jambo lililowashangaza hata wao. Aliyekosekana ni Fayez Zoghbi. Chama chake kilikuwa kimegawanyika pande mbili, kila upande ukiuita wa pili wa wasaliti. Katika hilo, zote mbili zilisema kweli.

Asubuhi hiyo Zoghbi aliarifiwa kwamba mama wa mwenzake chamani amefariki huko Aley. Mwanasiasa wa huko hukosa bunge. Kutoa taazia msibani hakosi.

Idara ilikuwa na tetesi: dola ya kigeni, iliyopenda kiti cha rais kikae wazi, ilipanga kumzuia mbunge mmoja. Tetesi tu. Kuchomoa bastola kwenye msiba wa kweli kungekichana chama vipande vinne.

Katika ukumbi wa msiba walikaa wanaume kumi wenye suti nyeusi. Zoghbi alikuwa katikati yao.

“Hata msibani, Kapteni? Mmekuja kunihesabu?”

“Nimekuja kutoa pole, mheshimiwa. Wafiwa wako wapi?”

“Naambiwa wako njiani na mwili.”

Mhudumu akammiminia Rimonda kahawa. Akaionja.

Tamu.

Katika milima ile mwongo husamehewa, hata huchaguliwa tena. Lakini kahawa ya msiba hunywewa chungu, na hakuna nyumba, ya tajiri wala ya fukara, iliyowahi kuitia sukari.

“Marehemu aliuawa na kisukari?” Rimonda aliuliza.

Mkono wa mhudumu ulizama chini ya trei.

Rimonda akalinyakua birika la moto, likamfika usoni kabla hajauchomoa. Glock ya Rimonda ikakohoa mara moja. Bega la mwenye suti aliyechomoa silaha likapasuka. Wenzake tisa waliamua kubaki vitini.

“Simama, mheshimiwa. Msiba umeahirishwa.”

Gari lilishuka mlima likilia kwenye kila kona.

“Mimi nilikunywa vikombe viwili,” Zoghbi alinong’ona. “Niliona wamestaarabika.”

“Funga mkanda.”

Simu ikalia.

“Zimebaki dakika sita. Uko wapi?”

“Getini, mkuu.”

Zoghbi hakushuka.

“Nikiingia, nusu ya chama wataniita msaliti.”

“Usipoingia, ni ile nusu nyingine. Na wale wa mlimani watakutafuta tena, maana watajua unazuilika.”

Zoghbi akafungua mkanda. Kisha akafunga kifungo cha koti, akaingia.

Themanini na sita.

Spika akagonga meza. Milango ikafungwa, kura zikaanza.

Rimonda alikuwa amekwisha kuigeuza BMW wakati Kanali alipopiga tena.

“Hungoji kujua nani kashinda?”

“Watatundika picha yake ofisini, mkuu. Nitamwona Jumatatu.”