Mkono wa Kushoto wa Bibi

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Chiriku alivua viatu mlangoni, akanawa mikono kwa sabuni, kisha akaenda moja kwa moja kitandani kwa bibi yake. Jina hilo alipewa na bibi mwenyewe, maana mdomo wa mjukuu huyu haukujua kupumzika. "Redio imefunguliwa," bibi alisema kila alipomsikia, na wote wawili wakacheka.

Tangu bibi apatwe na kiharusi, upande wake wa kushoto ulikuwa umelegea. Mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mazoezi, alikuja kila Ijumaa. Siku nyingine kazi ilikuwa ya Chiriku: kuukunja na kuukunjua mkono ule mara kumi, kumpa bibi mpira wa soksi aufinye, kisha kumsaidia kuketi ukingoni mwa kitanda. Mara kumi tu, halafu mapumziko.

Jumatatu moja mwalimu mkuu alitangaza kwamba mwanafunzi anayewatumikia watu wa nyumbani kwake vizuri kuliko wote atapewa baiskeli. Waamuzi wangepita majumbani Jumamosi. Baiskeli yenyewe ilisimamishwa pale pale mbele ya wanafunzi, nyekundu, na kengele yake ikimetameta. Moyo wa Chiriku ulidunda hadi akajishika kifua.

"Bibi, Jumamosi utatembea mpaka mlangoni," alisema jioni ile, akihema kwa mbio alizokuja nazo. "Waamuzi watashika vichwa."

"Mlango huo upo tangu nijenge nyumba hii, mjukuu wangu. Haukimbii."

Lakini Chiriku alikuwa ameshaipanda baiskeli kichwani mwake. Mara kumi zikawa thelathini. Bibi alipochoka, aliambiwa "moja tu ya mwisho," na hiyo ya mwisho haikufika. Alhamisi, kwa pupa, Chiriku aliushika ule mkono uliolegea, akauvuta ili bibi asimame. Bibi aliguna, akaanguka tena kitandani, jasho likimtoka.

Ijumaa Mama Mazoezi aligusa bega, na uso wa bibi ukakunjamana.

"Bega limevimba. Kumetokea nini?"

"Nimelilalia vibaya," bibi alijibu upesi.

Chiriku alitazama sakafu. Kisha machozi yakamtoka. "Si kweli, mama. Mimi ndiye niliyemvuta."

Mama Mazoezi hakumgombeza. Alimwonyesha jinsi misuli iliyolegea isivyoweza kulishikilia bega, akamweleza kwamba mgonjwa wa namna hiyo hushikwa kiunoni, wala havutwi mkono. Ndipo akauliza, "Mazoezi yale ulikuwa ukimfanyia nani?"

"Baiskeli," Chiriku alinong'ona.

"Sisi Wahindu tunafunzwa jambo moja tangu utotoni: kazi iliyo mbele yako ifanye kwa moyo wote, lakini matunda yake usiyang'ang'anie. Nilipokuwa kijana niliona ni maneno ya watu wasio na haraka. Halafu nikapata mgonjwa niliyetaka apone upesi ili nisifiwe. Nilimuumiza kama ulivyomuumiza bibi yako. Jicho likiwa kwenye tuzo, mgonjwa halimwoni."

Jumamosi waamuzi walifika. Bibi alimvuta Chiriku karibu. "Nishike nijaribu," alisema kwa sauti ya chini. "Umesema ni nyekundu, sivyo?"

Chiriku bado aliitamani ile baiskeli. "Hapana, bibi. Leo bega linapumzika." Akawageukia wageni, akawaeleza yote, pamoja na lile kosa la Alhamisi. Waliandika, wakashukuru, wakaenda zao. Baiskeli ilichukuliwa na mvulana wa darasa la sita. Chiriku alilia kidogo nyuma ya jiko, akanawa uso, akarudi na mpira wa soksi. Siku ile walifanya mazoezi ya vidole tu.

Wiki zilipita, mara kumi na mapumziko, mara kumi na mapumziko. Jumanne moja, chumbani wakiwa wawili tu, Chiriku alimshika bibi kiunoni huku akimsimulia habari za kuku aliyeingia darasani na kulala juu ya daftari la mwalimu. Alipofika pale mwalimu alipopanda juu ya kiti, bibi alisimama. Akasogeza mguu mmoja, ukafuata wa pili. Hatua ya nne iliwafikisha dirishani. Chiriku alitaka kuruka, kupiga kelele, kuita mtaa mzima, lakini hakumwachia bibi. Alitabasamu tu kwa furaha, kimya.

"Mbona redio imekatika?" bibi aliuliza.

Ijumaa Chiriku alimsimulia Mama Mazoezi bila kuvuta pumzi. "Sasa mama, haya si ndiyo matunda?"

"Ndiyo, na leo tunayafurahia. Lakini kama bibi asingesimama, leo ungemfanyia nini?"

Chiriku hakufikiri. "Mara kumi, halafu mapumziko."

"Basi umeshajua kuuguza," alisema Mama Mazoezi. "Mgonjwa hutunzwa kwa sababu yeye ni mtu, si kwa sababu ya kitakachopatikana kwake. Likumbuke hilo hata ukiwa mkubwa."

"Mkimaliza mahubiri," bibi alisema, akishusha miguu sakafuni, "kuna mlango unanisubiri."