Mama Mukwe Nyuma ya Pikapu

Ekseli ilikatika kwa mlio mmoja mkavu, na pikapu ya Stany ikainama kwenye mtaro, gurudumu moja la nyuma likielea hewani. Stany alisikia kwanza kuku akilia kule nyuma. Ndipo akakumbuka kwamba kule nyuma, pamoja na kuku, yuko mama mkwe wake.

Nikuambie mapema, aibu yake ilianza pale pale, na mpaka leo haijaisha yote.

Tuelewane kwanza. Kwa Baluba wa kaskazini ya Katanga, mwanamume na mama mkwe wake hawali pamoja, hawakai kiti kimoja, hawaangaliani usoni. Si uadui, ni heshima. Safari hii walikuwa wanakwenda Luena kwenye kilio cha dada mkubwa wa mama Godelieve, na Rachelle, mke wa Stany, ndiye angekaa katikati yao. Lakini asubuhi, pale nyumbani Kapata, mtaa wa Kolwezi, mtoto wao Abigaëlle aliamka na malaria, na Rachelle akabaki naye. Sasa nani akae karibu na dereva? Mama Godelieve hakungoja kuulizwa. Alipanda nyuma, akajipanga kati ya gunia la unga na sufuria za kilio, kikapu chake miguuni, kuku mwekundu mapajani. Majirani wakamsifu: mama mwenye haya. Stany naye akamsifu moyoni, akawasha gari. Wala hakubeba blanketi hata moja. Ulikuwa mwezi wa kumi, mwezi ambao jua la Kolwezi linapasua midomo ya watu. Nani anabeba blanketi mwezi wa kumi?

Walipopita Fungurume, kisha Tenke, barabara ikaanza kupanda kuelekea nyanda za juu za Biano, na jua likapotea. Wingu lilishuka mpaka kwenye majani. Yakaja manyunyu, ukaja na upepo, baridi ya mwezi wa saba iliyokosea mwezi. Stany alifunga vioo. Mbele, kamio, lori kubwa la mizigo, lilikuwa limelala barabarani, hakuna pa kupita, kwa hiyo akashika njia ya wachungaji wa ng'ombe. Hakuona mita kumi mbele yake. Aliona mtaro alipokuwa ndani yake.

Alishuka, akasimama mgongo umeelekea gari, kama inavyotakiwa.

"Mama, uliumia?" aliuliza majani.

Mama Godelieve alimjibu kuku. "Kuku, ambia tata Abigaëlle kama sikuumia. Mukono tu njo inauma kidogo. Na bikwembe bilishaloba maji."

Tata Abigaëlle, baba wa Abigaëlle, ndiye Stany mwenyewe. Hivyo ndivyo walivyozungumza tangu mama alipofika Kapata miezi miwili iliyopita: ikiwa Rachelle hayupo, kuku anatumwa. Stany alikuwa amemzoea yule kuku kuliko majirani wengine.

"Kuku, ambia mama aingie mu kabini. Kule ni kukavu."

"Kuku, uliza tata, yeye atalala wapi?"

"Chini ya bashi, ile turubai ya unga, kule nyuma. Mi niko na koti."

Mama akaingia, akakaa wima kwenye ukingo wa kiti, amelowa mpaka mifupani, mikono juu ya magoti. Mkwe hajilazi ndani ya gari la mkwe wake. Kikapu chake, kilichojaa karanga na ndakala, dagaa wakavu, alikifunika kwa kitambaa akakifunga fundo.

Stany alikwenda kutafuta watu. Alitembea mpaka ukungu ukamrudisha mwenyewe kwenye nyayo zake. Hakuna nyumba, hakuna mti wa maana, majani tu na vichuguu. Aliporudi, njaa ilikuwa inamkata. Alikuwa na mkate na kopo la sardini ndani ya koti. Angekula wapi? Mbele ya mama mkwe, hapana. Basi alikwenda nyuma ya kichuguu kikubwa, akachuchumaa, akala mkate wote na sardini zote, akanywa na mafuta ya kopo. Alijiambia kwamba mama naye ana kikapu chake, hakika atakula akiwa peke yake. Hakwenda kuhakikisha. Hilo ndilo lililomchoma baadaye.

Usiku huo Stany hakulala. Kila vidole vilipoanza kufa ganzi alishuka, akazunguka gari mbio, akaruka-ruka, akapiga makofi, akarudi chini ya turubai akiwa anahema na amepata joto. Kutoka kabini alisikia kiti kikilia kwa jinsi mama alivyokuwa anatetemeka. Akafikiri: angeshuka naye akaruka kidogo. Lakini mama mkwe gani ataruka-ruka mbele ya mume wa binti yake? Yeye alikula na kukimbia, mama Godelieve alikaa na njaa yake, ameloa, ametulia kwa adabu.

Karibu na mapambazuko kiti kikanyamaza. Stany akashukuru, akidhani amelala.

Ukungu ulikuwa bado palepale. Alisimama karibu na mlango, mgongo umegeuka, akangoja kuku aambiwe habari ya asubuhi. Ilichukua muda.

"Kuku," sauti ilisema, nzito, ya mtu aliyelewa. "Ambia tata... banizike Luena. Pembeni ya yaya, dada yangu."

Stany aligeuka. Kwa mara ya kwanza katika miaka yake yote ya ndoa alimtazama mama mkwe wake usoni. Midomo ilikuwa ya majivu. Mikono haikutetemeka tena hata kidogo, ilikuwa imelala tu. Na kikapu kilikuwa na fundo lake lile lile la jana.

Mwacha mila ni mtumwa, tumeambiwa tangu utoto. Sawa. Lakini mtu yule alikuwa anakufa, gunia la unga liko hatua tatu kutoka mdomoni mwake.

Stany alimchukua kuku mapajani mwa mama, akatoka naye, akamchinja.

"Kuku haiko tena, mama," alisema akirudi. "Sasa utasema na mi."

Alivua koti na sweta, vikavu. Akafumba macho. Kwa kupapasa, akiomba msamaha kwa kila fundo, alimvua mama mkwe wake vikwembe vilivyolowa, akamvika sweta, akamfunga koti, akamzungushia turubai. Machozi yalimtoka kwa aibu, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Alivunja mbao za ubavu wa pikapu, akazimwagia mazuti, dizeli ya gari, akawasha moto nyuma ya kichuguu, mahali upepo haufiki. Ndiyo, kichuguu kile kile. Maji yalikuwepo, sufuria za kilio zilikuwa zimekinga manyunyu usiku kucha. Mchuzi ulipochemka akambeba mama, akamkalisha karibu na moto, akampelekea kifuniko cha sufuria chenye mchuzi mpaka mdomoni.

Mama Godelieve alifunga meno.

"Mama, kunywa."

Akageuza uso.

"Jana nilikula," Stany alisema. "Nyuma ya hii kichuguu. Mukate na sardini. Nilikula yote, sikukuachia hata kipande."

"Nilijua. Ulirudia na mafuta ku ndevu."

"Na we ulikuwa na kikapu. Juu ya nini haukukula?"

"Nitafungua kikapu, we unaniona mu kioo? Mukwe anaona meno yangu?" Alipumua kidogo. "Nilifurahi tu mutu moya alikula."

Stany angetukanwa angejua la kufanya. Alibaki ameshika kifuniko, mchuzi ukimwagikia vidole, mpaka mama Godelieve mwenyewe alipoona vidole vile vinaungua. Akafungua mdomo.

Alikunywa kidogo kidogo, kisha zaidi. Meno yakaanza kugongana tena, na Stany akafurahi kuyasikia. Akasonga bukari, ugali wa unga ule, akafungua lile fundo la kikapu, akatia ndakala ndani ya mchuzi wa kuku. Alimlisha kwa mkono, tonge baada ya tonge. Kisha mama akasema, bila kumtazama, "Na we kula. Mbele yangu. Mi sitaki tena ya kichuguu." Wakala kutoka sufuria moja.

"Sasa tusimame," Stany alisema.

"Miguu haiko."

"Iko. Mushike mukono wangu."

Walizunguka kichuguu polepole, mama ndani ya koti la mkwe wake, turubai likiburuta. Walipumzika, wakala karanga, wakazunguka tena. Wakipunguza mwendo baridi inaingia, wakikaa sana inaingia zaidi. Katikati ya mizunguko Stany alivingirisha gurudumu la akiba mpaka motoni, na moshi mweusi ukapanda kupita ukungu.

Moshi huo ndio uliomleta Kyungu, mchungaji wa ng'ombe, na pikipiki yake. Alizima injini, akaja kwa mguu, akawakuta wamekaa tena kula, mikono miwili ndani ya sufuria moja.

"Yambo, tata. Mama mukubwa yako huyu?"

"Mama mukwe," Stany alisema.

Kyungu naye ni Muluba. Aligeuka palepale, akawapa mgongo, akakohoa, akaanza kuangalia ukungu kana kwamba kuna kitu ndani yake.

"Endelea tu, tata. Mi sikuona kitu. Mukimaliza mutaniita."

"Uliona," mama Godelieve alisema. "Kuya kula, baridi itakuua pale."

Akaja kinyumenyume, maskini, akachukua tonge kwa mkono wa nyuma. Alipokwisha kula ndipo alipokwenda kuita trakta ya ferme, shamba la ng'ombe.

Kwa trakta hiyo, pikapu ikivutwa nyuma, walifika Luena siku hiyo hiyo, na habari ikawatangulia, sijui kwa mguu gani. Kwenye kilio watu walimpokea mama vizuri, wakamlilia pamoja naye dada yake. Kwa Stany walinyamaza alipokaribia. Alikaa na wanaume mwisho kabisa wa ua, macho chini, na alipoletewa chakula alikisukuma pembeni, maana alihisi kila anayemtazama anaona ndevu zenye mafuta. Mama Godelieve hakumwokoa kwa neno lolote. Naye alikuwa na aibu yake ya kubeba.

Fundi alipokwisha kubadili ekseli, siku ya kurudi, jua la mwezi wa kumi lilikuwa limerudi kwa hasira zote. Wanawake wa ukoo walitandika mkeka kule nyuma ya pikapu, wakaweka na mto. Mama Godelieve aliwashukuru. Akaupita mkeka, akafungua mlango wa mbele, akapanda, akakaa. Mwanamke mmoja akafunika mdomo kwa kikwembe. Mwingine akaangalia pembeni.

Stany alishika usukani, shingo ikiwaka kwa aibu. Walipita nyumba za mwisho, mama akitazama dirisha lake, yeye akitazama barabara, jasho likiwatoka wote wawili.

Pale njia ilipoanza kupanda Biano, mama Godelieve alifungua kikapu. Akatoa kiazi kitamu cha kuchoma, akakivunja vipande viwili, akaweka kimoja mbele ya usukani.

"Kula, tata Abigaëlle," alisema. "Mapema. Mbele ya baridi kufika."

Hapakuwa na baridi yoyote. Stany alikula, akitafuna polepole ili mama amsikie akila.