Bwana Ukungu na Maji ya Jana

Kila asubuhi, hata kabla ya kupiga mswaki, Chiriku alikuwa na mtu wa kumnywesha maji. Mtu mwenyewe hakuwa mtu. Ilikuwa mashine nyeupe, ndogo kama ndoo ya kuchezea, iliyokaa juu ya stuli kati ya kitanda chake na kitanda cha Bibi. Ukiiwasha, ilinguruma taratibu na kutoa ukungu mwembamba, na hewa ya chumbani ikapata unyevu. Bibi ndiye aliyeipa jina. Siku ya kwanza aliitazama, akacheka, akasema, "Huyu bwana hali, halali, kazi yake kunywa na kupumua tu. Karibu kwetu, Bwana Ukungu."

Chiriku nalo lilikuwa jina la utani, na sidhani kama unahitaji kuelezwa alilipataje. Alikuwa na miaka kumi na mmoja na mdomo usio na breki. Alilala chumba kimoja na Bibi, mama yake Baba, na hao wawili walipendana kupita kiasi. Bibi alimwita "mke mwenzangu", kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao. Walipokuwa wakitandika vitanda, Bibi alisema, "Kitendawili!" na Chiriku akadakia, "Tega!" Kisha alijibu kabla Bibi hajamaliza, maana hakuwa na subira hata chembe. Wakaendelea hivyo mpaka Mama, aliyekuwa fundi cherehani na kushonea pale pale sebuleni, apaze sauti, "Nyie wake wenza, shule haimsubiri mtu!"

Bwana Ukungu aliletwa na Shangazi, muuguzi katika zahanati. Kilikuwa kiangazi. Hewa ilikauka mpaka midomo ya watu ikapasuka, na Bibi akawa anaamka koo linamwasha na pua imekauka. Shangazi alimpeleka akapimwa, akaonekana hana ugonjwa wowote, ni ukavu tu unamkera. Hapo ndipo alipokuja na boksi lenye mashine.

"Nani ataitunza?" aliuliza.

"Mimi!" Chiriku alijibu kabla swali halijatua.

"Basi funga mdomo, fungua masikio. Kila asubuhi chomoa waya kwanza. Mwaga maji yote yaliyobaki. Sugua tangi ndani kwa kitambaa safi, suuza, futa mpaka pakauke, ndipo utie maji mapya yaliyochemshwa yakapoa. Mara moja kwa wiki loweka tangi kwa siki na maji, kisha suuza mpaka harufu ya siki iishe. Humo ndani hakiingii kitu kingine ila maji. Na dirisha lifunguliwe kila siku. Chumba si chungu cha kufunikwa."

Chiriku aliyarudia yote bila kukosea hata neno. Mtoto alikuwa na kichwa chepesi, hilo sipingi. Ila kichwa hakisugui tangi.

Mwanzoni alifanya kazi vizuri sana. Bibi akaanza kuamka na sauti laini, vitendawili vikaongezeka, na hata majirani wakaletwa kumwona Bwana Ukungu akipumua. Lakini kazi ya kila siku huchosha. Tangi lilikuwa na kona nyembamba ambazo vidole vilifika kwa taabu, na asubuhi ni fupi.

Siku moja Chiriku alichelewa kuamka. Alilishika tangi, akaona maji yamebaki nusu, akakumbuka maneno ya Bibi. Unajua, Bibi alikulia mahali ambapo maji yalifuatwa mbali, na tangu ahamie kwao hakuna tone lililopotea. Maji ya kuoshea mboga yalikwenda kwenye maua, ya kufulia yakatumika kudeki ua. "Maji hayamwagwi," alizoea kusema, "maji yanahamishwa." Chiriku alichukua kipande cha kwanza cha maneno hayo, cha pili akakiacha. Akajazia maji mapya juu ya yale ya jana, akawasha, akakimbilia shule. Uvivu ni mjanja, hujua kujificha nyuma ya maneno ya wakubwa.

"Umesafisha mashine?" Mama aliuliza.

"Tayari, Mama!"

Uongo wa kwanza ulimkwama kidogo kooni. Uliofuata ulipita wenyewe. Kesho alijazia juu, na keshokutwa vivyo hivyo, na siku ya siki ikapita bila siki. Ndani ya tangi kulianza kutanda kitu chembamba, chenye utelezi. Halafu kikaja kiharufu kama cha kitambaa kilichosahauliwa ndani ya ndoo.

Wewe ungefanya nini? Chiriku alifungua droo ya Mama, akatoa chupa ya marashi, akadondosha matone kadhaa ndani ya tangi. Kisha akafunga dirisha ili harufu isitoke.

"Ebo!" Bibi alisema alipoingia. "Leo nalala chumba cha bibi harusi? Mke mwenzangu, unanitunza kweli kweli."

Sifa ile ilimchoma Chiriku. Alicheka, lakini kicheko hakikumfika moyoni.

Bibi akaanza kukohoa. Kilianza kikohozi kidogo, cha kusafisha koo tu. Baada ya wiki kikawa kinamkunja. Alisema, "Kitendawili!" Chiriku akaitikia, "Tega!" Bibi akaanza, "Nyumba yangu..." kikohozi kikamkata. Akajaribu tena, kikamkata tena. Chiriku akasema, "Yai," na hakuna aliyecheka.

Mama alimchemshia maji ya limau. Baba alimnunulia dawa ya kikohozi. Shangazi angejua la kufanya, lakini alikuwa amesafiri kwa mafunzo ya kazi. Wakati huo huo kuna jambo Chiriku aliliona, akalinyamazia. Mchana Bibi alipojilaza sebuleni kwenye kochi, karibu na cherehani, hakukohoa. Akirudi chumbani kwa Bwana Ukungu, kikohozi kilimpokea mlangoni. Chiriku alianza kushuku. Kila alipotaka kusema, aliziona "tayari, Mama" zake zote zimejipanga mbele yake, naye akaogopa.

Jioni moja Baba alikaa nao mezani, uso umemshuka.

"Nimezungumza na kaka," alisema. "Kwake mvua zinanyesha, hewa ni laini. Hewa ya huku haimfai mama yangu. Jumamosi nitampeleka."

"Mpaka lini?" Chiriku aliuliza.

"Tutaona, mwanangu."

Chiriku aliijua "tutaona" ya watu wazima. Ni ndefu, na mara nyingi haina mwisho. Alilala ameugeukia ukuta, akimsikiliza Bibi akikohoa, na moyo ukamuuma hasa. Nani angetega vitendawili? Nani angemwita mke mwenzangu?

Jumamosi Bibi alipanga nguo zake ndani ya sanduku. Alipomaliza alisema, "Sasa nifungie na Bwana Ukungu. Nakwenda naye. Huko nitamweka karibu kabisa na mto wangu, niwe nakukumbuka kila akipumua."

Chiriku alisimama kama aliyepigiliwa misumari. Karibu na mto! Alichomoa waya, akalibeba tangi mbio hadi bafuni, akafunga mlango. Alijiambia atalisugua upesi, liwe safi, Bibi aende nalo, apone huko, na hakuna atakayejua. Akasugua. Utando ule ulitoka kama ute, akasugua tena, huku machozi yakidondokea humo humo ndani.

Kutoka sebuleni alisikia sauti ya Bibi, imekwaruzika. "Msinisikitikie, mkwe wangu. Hewa ya hapa imenikataa tu. Nilipapenda, lakini mwili umekataa. Sidhani kama nitarudi tena, nisije kuwapa taabu."

Kitambaa kikamponyoka mkononi. Akilisafisha kwa siri, Bibi atapona, ni kweli. Lakini ataondoka akiamini nyumba hii haimfai, wala hatarudi. Chiriku alifungua mlango, akaenda sebuleni na tangi lililosuguliwa nusu, maji yakimchuruzika mpaka kwenye viwiko.

"Bibi, hewa haijakukataa," alisema. "Ni mimi."

Akayatoa yote. Maji ya jana, siki aliyoiacha, marashi, dirisha, na kila "tayari" aliyoisema. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliongea polepole.

Mama aliacha kushona. "Kila siku nakuuliza! Kila siku unaniambia tayari! Kumbe unanichezea akili?"

Bibi aliinua mkono, Mama akanyamaza. Kisha akaingiza kidole ndani ya tangi, kwenye kona isiyosuguliwa, akakitoa kinateleza. Akakitazama. "Loo! Mke mwenzangu, umenipikia bamia humu ndani?"

Chiriku hakujua acheke au alie. Akalia.

"Njoo hapa," Bibi alisema, akamkalisha pembeni yake. "Nimeumia, sitakuficha. Kikohozi si kitu, nimeshakohoa sana maishani. Nimeumia kwa sababu ulinisikia nikikohoa, ukanyamaza."

"Niliogopa, Bibi. Nisamehe."

"Najua uliogopa. Na umesema wakati sanduku limeshafungwa, ila umesema. Nimekusamehe."

Shangazi alifika muda mfupi baadaye, amerudi toka safari na kuja kumuaga mama yake. Alipoelezwa, hakupoteza muda kwa maneno. Alikwenda chumbani, akafungua dirisha wazi, akasogeza kabati. Nyuma yake ukuta ulikuwa umetoka jasho na kuota madoa meusi ya ukungu.

"Sikilizeni, nyote," alisema. "Mashine hii haichagui. Maji unayoipa ndiyo inayoyapandisha hewani, na hewa hiyo ndiyo inayoingia kifuani. Maji yakilala humo siku nyingi, vijidudu huota, navyo vinapanda pamoja na ukungu. Marashi ndiyo yakazidi kumwasha koo. Na chumba kikifungwa muda wote, unyevu hujaa kuta zikaoza. Ukavu una madhara, na unyevu ukizidi una madhara vile vile."

Alimchukua Bibi mpaka zahanati. Daktari alimpima kifua, akasema kimekereka lakini hakijaharibika. Akiuepuka ukungu ule mchafu kitatulia, na kisipotulia arudi upesi. Baba alimpigia kaka yake simu, akasema safari imeahirishwa. Chiriku aliposikia hivyo alimkumbatia Baba miguu mpaka akashindwa kutembea.

"Usifurahi sana," Baba alimwambia, akijitahidi kukaza uso. "Kuna ukuta unakungoja."

Na kweli, siku hiyo Chiriku hakukaa kitako. Walisugua ukuta yeye na Baba, pua zimefungwa kwa vitambaa. Walitoa godoro juani. Tangi likalowekwa kwa siki, likasuguliwa kila kona kwa mswaki wa zamani, likasuuzwa mpaka Shangazi akanusa na kuitikia kwa kichwa kwamba sasa sawa. Bwana Ukungu akaachwa akauke na kupumzika. Kuhusu marashi, Mama alihamisha tu droo yake.

Bibi alilala sebuleni kwa siku kadhaa. Kikohozi kikapungua, kikawa cha hapa na pale, halafu asubuhi moja akanywa chai yake yote bila kukohoa, na Mama akatazamana na Baba wakatabasamu. Shangazi alipokagua chumba na kuridhika, Bwana Ukungu akarudishwa kwenye stuli yake.

Asubuhi iliyofuata Chiriku alichomoa waya, akalibeba tangi mpaka mlangoni kwenye makopo ya maua, akayagawia maji ya jana, kopo moja baada ya jingine. Kisha akasugua, akasuuza, akafuta mpaka pakakauka. Bibi alikuwa amekaa kizingitini akimtazama, kanga mabegani.

"Unaona?" alisema. "Maji hayamwagwi, yanahamishwa. Ulishika nusu ya maneno yangu, ile nusu iliyokupunguzia kazi."

"Ndiyo, Bibi."

"Nikwambie kitu, na usikisahau. Mama yako ulimdanganya akadanganyika. Mimi pia nilidanganyika, nikakusifu. Lakini mapafu yangu hayakudanganyika hata siku moja. Kazi ya kutunza afya ya mtu ndivyo ilivyo. Unaweza kumdanganya mtu, mwili wake huwezi. Kwa hiyo fanya kazi yako yote, na ukikosea sema mapema, wakati kosa bado linafutika kwa kitambaa."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Maua yalikuwa yakinywa.

"Kitendawili!" Bibi alisema ghafla.

"Tega!"

"Nyumba yangu kubwa, nimeijenga bila fundi, nimeipaka rangi bila brashi, haina mlango, haina dirisha, na mwenye nyumba akitaka kutoka lazima aivunje!"

Alikisema chote kwa pumzi moja, mwanzo hadi mwisho, bila kukohoa. Akamgeukia mjukuu wake, akashangaa kumwona amekaa tu, mdomo umefungwa.

"Vipi, Chiriku? Leo umeshindwa? Nipe mji basi."

"Sijashindwa, jibu nalijua," Chiriku alisema, akamwegemea begani. "Lakini rudia tena, Bibi. Nataka kukusikia."