Nyonga ya Bibi Lucia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Emerensiana aliteka maji, akawasha moto na kumpikia uji bibi yake, Lucia. Nyumba yao ya Mwamkulu ilikuwa na watu watatu tu, lakini amani haikuwamo. Baba yake mdogo, Kalisti, alikuwa akila bila hata kumtazama mama yake, huyo Bibi Lucia.

Chanzo kilikuwa nyonga. Miaka kadhaa nyuma, bibi aliwekewa nyonga ya bandia huko Mbeya, akaambiwa awe anarudi kukaguliwa. Kila safari ilimeza mpunga wa kutosha, na kila mara waliambiwa mguu ni mzima. Mwaka huu Kalisti aligoma. Alisema amechoka kulima ili aambiwe jambo analolijua.

Bibi naye alijibu kwa kiburi kwamba hamhitaji mtu, wala haumwi popote. Lakini Emerensiana, aliyelala naye chumba kimoja, alimwona aking'ata khanga kila alipoinuka kitandani. Bibi alimkanya asithubutu kusema.

Jumapili moja baada ya misa, wakiwa wamekaa uani kwao, Kalisti alimdhihaki mama yake mbele ya majirani kwamba mguu hauna kitu, anapenda tu kupanda basi. Emerensiana akashindwa kuvumilia.

"Bamdogo, bibi anaumwa. Anatuficha."

"Mwongo mkubwa wewe," bibi alifoka.

Kalisti hakubishana. Alimtaka mama yake ainuke kwenye kigoda bila kushika kitu. Bibi alijaribu, akarudi chini, machozi yakimtoka.

Kesho yake walikwenda hospitali ya mjini Mpanda, akapigwa picha, nayo ikatumwa kwa daktari bingwa Mbeya. Jibu lilipokuja, Daktari Benedikto wa hapo Mpanda aliwaeleza kwamba plastiki ya ndani ya kiungo imelika, ila mfupa bado mzima. Ikibadilishwa sasa, bibi atapona. Wangechelewa, mfupa ungeharibika, na gharama ingekuwa kubwa mno.

Kalisti aliuliza kwa uchungu zile safari zote zilikuwa za nini.

"Nyingine hazikuwa za lazima," daktari alikubali. "Picha ingeweza kupigwa hapahapa. Asiyeumwa hana haja ya kusafiri kila mara. Lakini anayeumwa akificha, hakuna ukaguzi utakaomfaa."

Bibi alipelekwa Mbeya, akabadilishiwa kile kilicholika, akaanza kutembea tena. Siku ya kuruhusiwa, alimwita Emerensiana kitandani, Kalisti akiwa amesimama mlangoni.

"Nilikuita mwongo, mjukuu wangu, na mwongo nilikuwa mimi. Kiburi changu nusura kinilemaze. Ukiona jambo la kudhuru mtu, sema, hata nikikukanya mimi."

Kalisti alisogea kitandani. Alimpa mama yake mkono, akamwinua.