Namba ya Pili Kwenye Kioo

Gari lilikuwa limesimama mbele ya duka, injini inanguruma, breki ya mkono imevutwa, na kioo cha mbele kikaandika nne.

Ibrahimu alidhani ni macho yake. Macho hayo yalistahili kushukiwa, maana tangu avuke miaka hamsini kila kitu cha karibu kilikuwa kinamkimbia. Aliweza kumtambua mbuzi wa jirani akiwa ng'ambo ya barabara kuu ya Iyunga, lakini maandishi ya boksi la plagi alilolishika mkononi, kwenye duka lake mwenyewe la vipuri, hakuyaona. Kwenye usukani ndiyo ilikuwa balaa. Akitaka kutazama spidi kwenye dashibodi avae miwani, akiinua macho barabarani aivue. Kwa mchezo huo trafiki wenye tochi za kupimia spidi walimnasa mara nyingi, hadi wenzake wakawa wanamtania kwamba anawajua askari wote mpaka majina ya watoto wao.

Ndipo Nashoni, fundi umeme wa magari kule Mbalizi, alipomfungia kile kidubwasha. Kilikuwa kidogo kama kipande cha sabuni, kinakaa juu ya dashibodi na kumulika spidi kwenye kioo, na namba ikaonekana inaelea mbele, juu ya boneti, kana kwamba imetundikwa barabarani. Ibrahimu aliisoma bila miwani na bila kuinamisha kichwa. Alikisifia msikitini, akakisifia sokoni, akawachosha watu. Hata ukungu wa Mlima Nyoka, ambao asubuhi nyingine humeza lori zima pamoja na taa zake, haukumtisha tena, kwa sababu sasa macho yake hayakuondoka barabarani hata mara moja.

"Baba, si tumesimama?" Ruwaida aliuliza, naye akiitazama ile nne.

Ruwaida alikuwa mwanawe wa pekee. Mumewe alikuwa machimboni Makongolosi, na yeye mwenyewe alikuwa amerudi kwa baba yake kujifungua mimba ya kwanza, kama ilivyo desturi. Mama yake alifariki siku ile ile ya kumzaa yeye. Kwa hiyo Ibrahimu alihesabu kila kikohozi cha binti huyu, na tumbo lile lilipozidi kukua, hofu yake nayo ilikua. Hakuisema, lakini kila aliyemwona akimfungulia mlango wa gari aliijua.

"Ni hitilafu tu," alijibu.

"Nne ni mwendo wa mtu anayetembea," Ruwaida akasema, kisha akacheka kidogo, kicheko ambacho hakikumfurahisha mwenyewe.

Kesho yake, wakielekea kliniki, zilitokea namba mbili. Moja ilikuwa yao, sitini. Pembeni, upande wa Ruwaida, ilikuwapo nyingine ndogo, iliyofifia: thelathini na tano. Ibrahimu alipunguza mwendo, yake ikashuka. Ile nyingine haikushuka. Siku zilizofuata ikawa arobaini, ikawa hamsini, na kila ilipopanda, ndani ya gari kulinuka udongo mbichi na majani yaliyopondwa, japo madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Nashoni alikikagua kifaa akakuna kichwa.

"Mzee Ibra, hii kitu haina namba mbili. Haijatengenezwa hivyo."

"Uliitoa wapi?"

Fundi akaangalia chini. "Kwenye gari iliyoanguka bondeni, kule Mlima Nyoka. Dereva alipona. Nilimpelekea vitu vyake, hiki akakikataa. Alisema nisimwonyeshe tena. Mimi nikajua ni uchungu wa gari tu, mzee wangu."

Akachomoa waya, akaking'oa kifaa chote na kukiweka chini. Namba ndogo ilibaki pale pale kwenye kioo, ikiwaka juu ya kitu kisichokuwapo. Nne. Nashoni aliitazama, akafuta mikono kwa kitambaa, akaingia kibandani kwake akafunga mlango mchana kweupe, na Ibrahimu alipogonga hakufunguliwa.

Alasiri hiyo Ruwaida alijilaza kidogo. Ibrahimu alimsikia akihema, si kuhema kwa mja mzito aliyechoka, bali kwa mtu aliyekimbia maili nyingi. Alipoingia chumbani alimkuta amekaa kitandani, jasho linamtiririka, na nyayo zake, ambazo hazikukanyaga nje tangu asubuhi, zimejaa udongo mwekundu wenye majimaji.

"Kuna mtu anakimbia, baba," alinong'ona. "Anakimbia kando yangu. Amechoka sana. Anataka nimpishe akae."

Hospitali walimpima wakasema yeye na mtoto ni wazima. Ibrahimu alishukuru, lakini moyo haukutulia hata kidogo. Alimpigia simu na kumweleza yote shangazi yake wa Iringa, Bi Mwanakhamisi, mwanamke ambaye ukoo mzima, tangu walipotoka pwani, ulimtegemea kwa mambo yasiyosemwa mbele ya daktari.

"Mlete," shangazi alisema. "Njoo na gari hilo hilo. Ukiliacha, atakuja kwa miguu, na hapo atakuwa na hasira."

Waliondoka Mbeya mchana, wakapita Igurusi na Chimala, mashamba ya mpunga yakiwaka jua, na kioo kilikuwa kitupu kabisa. Ruwaida alikula hata muhogo wa kuchoma. Makambako walisimama wakaswali. Ibrahimu alianza kujiona mjinga. Lakini walipoikaribia misonobari ya Mafinga jua lilikuwa linazama, ukungu ukashuka kati ya miti, na pale penye kioo, ingawa kifaa kilibaki kwa Nashoni, zikaja namba mbili kwa pamoja, themanini yao na sabini ya yule mwingine, na Ibrahimu akakanyaga mafuta.

Tisini. Ile ndogo ikawa themanini na mbili. Akakanyaga tena, macho yameganda kwenye kioo kwa sababu kile kilichomfundisha kutoinamisha kichwa sasa kilikataa kumwachilia ageuze shingo, na namba ndogo ikapanda, themanini na nane, tisini, tisini na sita, na nje ya mlango wa Ruwaida kukasikika miguu mitupu ikipiga lami, pa, pa, pa, pamoja na pumzi nzito iliyokaribia kiasi kwamba dirisha likafanya ukungu kwa nje, na Ruwaida ameshika tumbo kwa mikono miwili anaita jina la mama yake ambaye hakuwahi kumwona, na Ibrahimu akitaka kusoma dua aliyoijua tangu utotoni akakuta ulimi umebaki na neno la kwanza tu, analirudia, analirudia, mpaka namba mbili zikalingana, zikasogeleana, zikawa moja.

Miguu ikanyamaza. Nyuma yao, kwenye kiti kitupu, mkanda ulivutwa taratibu, ukafungwa. Klik.

Walifika Iringa usiku.

Bi Mwanakhamisi alikuwa barazani na chetezo mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona huyo wa nyuma hashuki?"

Ibrahimu alilia pale pale, mtu mzima na ndevu zake, mbele ya binti yake. Shangazi alimwacha alie. Kisha akaenda peke yake garini, akafukiza ubani, akaketi kiti cha mbele na kuzungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na jamaa aliye msibani. Aliporudi uso wake ulikuwa umechoka.

"Hakuanza ubaya yeye," alisema. "Makao yake yako kule bondeni. Gari lilimwangukia, akabebwa na kile kifaa bila kutaka. Tangu hapo anatembea kutafuta kwao, hajui njia. Lakini amechoka, na amemtazama sana Ruwaida. Anaona mle ndani pana joto."

"Mfukuze, shangazi!"

"Nikimfukuza atakimbilia palipo karibu, na palipo karibu ni tumboni kwa mtoto wako. Tutamsindikiza kama mgeni, kwa adabu, mpaka mlangoni kwake. Wewe ndiye mwenye gari, wewe utamfungulia. Utamwambia kwaheri, basi. Usiongeze neno, Ibrahimu. Hata moja."

Walisafiri kurudi kulipokucha, wote watatu, shangazi nyuma kando ya ule mkanda uliofungwa, ubani ukifuka. Namba haikusumbua. Ilikwenda sawasawa na yao, tulivu, na Ruwaida alilala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Ibrahimu alimtazama akasikia matumaini yakimpanda kifuani hadi yakamuuma.

Mlima Nyoka waliukuta umefunikwa na ukungu. Alisimamisha gari pembeni, juu ya bonde, akashuka, akafungua mlango wa nyuma. Mkanda ulijifungua. Kiti kilichokuwa kimebonyea kikainuka, na harufu ya udongo ikampita usoni, baridi, ikatoka nje.

"Kwaheri," Ibrahimu alisema.

Kwenye kioo namba ikaandika nne. Mtu anatembea, anakwenda zake. Majani ya bondeni yalilala kidogo, hatua baada ya hatua, kuelekea chini. Bi Mwanakhamisi alifumba macho akaanza kumshukuru Mungu. Ruwaida, kiti cha mbele, aliachia pumzi ndefu na kutabasamu.

Kisha kutoka ndani ya ukungu ikaja sauti, ya upole, ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Asante sana, baba."

Miaka thelathini Ibrahimu alikuwa nyuma ya kaunta. Miaka thelathini kila aliyemwambia asante alimjibu vile vile, awe amenunua injini au ameulizia tu bei ya skrubu. Furaha ilikuwa imemjaa, na mdomo haukusubiri ruhusa yake.

"Karibu tena," alisema.

Majani yaliacha kulala. Bi Mwanakhamisi alifumbua macho, akamtazama mpwa wake, mkono ukaenda mdomoni taratibu.

Kwenye kioo namba ilizimika. Ibrahimu aliurukia mlango wa mbele, akaufungua, akamshika binti yake mabega. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Hapakuwa na harufu yoyote, wala sauti. Ruwaida alikuwa ameinamia tumbo lake, ameweka viganja vyote viwili juu yake, anasikiliza.

"Anacheza?" Ibrahimu aliuliza. "Mama, niambie, anapiga mateke?"

Ruwaida alitikisa kichwa.

"Hapana, baba," alisema. "Anatembea."